Falseto, kifua au sauti ya kichwa: nota zikipanda, uchague ipi?

Kila mwimbaji ana mahali ambapo sauti yake ya kawaida hugoma kupanda. Kwa wanaume wengi ni juu kidogo ya C ya kati ya kinanda, nyuzi za sauti zinapotetemeka kati ya mara 290 na 370 hivi kwa sekunde. Ukifika hapo una njia tatu. Unaweza kuendelea kuisukuma sauti ya kifua, ile nzito unayozungumzia. Unaweza kuiachia sauti iruke iwe falseto, nyepesi na yenye pumzi. Au unaweza kupita kwenye sauti ya kichwa, ambayo ni nyembamba vilevile ila haivujishi hewa.

Wako walimu wanaozipanga njia hizi kwa vyeo: kifua ni cha wenye nguvu, kichwa ni cha waliosomea, falseto ni ya aliyeshindwa. Mpangilio huo umewaumiza waimbaji wengi, hasa vijana wa kiume walioambiwa kwamba kuimba falseto ni kuikimbia nota. Kwangu mimi falseto ni namna nyingine tu ya kuzipanga nyuzi zilezile. Ina faida zake na ina gharama zake, na gharama hizo ndizo zinazofaa kupimwa kabla ya kuchagua.

Kinachotokea kooni

Nyuzi za sauti ni mbili, zimelala ndani ya zoloto, ile sehemu ngumu ya koo inayopanda na kushuka ukimeza mate. Kwa mwanamume mzima kila uzi una urefu wa milimita 17 hadi 25 hivi. Kwa mwanamke ni kama 12 hadi 17. Kila mmoja ni mkunjo wenye matabaka. Ndani kabisa kuna msuli, juu yake kano imara inayovutika, kisha tabaka teketeke, na mwisho ngozi nyembamba yenye unyevu. Mwaka 1974 daktari Mjapani Minoru Hirano alieleza kwamba matabaka haya hufanya kazi kama vitu viwili, kiini na ganda, na kwamba ganda linaweza kutetemeka huku kiini kikiwa kimetulia. Bila kulijua hilo ni vigumu kuielewa falseto.

Ukiimba nota ya A yenye mitetemo 440, nyuzi hufunguka na kufunga mara 440 kila sekunde, na ubongo hauamuru hata mtetemo mmoja kati ya hiyo. Hewa kutoka mapafuni huzisukuma zifunguke, unyumbufu wake huzirudisha, na mkondo wa hewa unaopita katikati huendeleza mzunguko huo. Mholanzi Janwillem van den Berg aliieleza nadharia hii kwa ukamilifu mwaka 1958. Kazi ya misuli ni kuziweka nyuzi katika urefu, unene na mkazo fulani. Mengine yote hufanywa na hewa.

Misuli miwili ndiyo yenye kauli kubwa hapa. Wa kwanza ni ule ulio ndani ya uzi wenyewe. Ukijikaza, uzi unafupika na kunenepa. Wa pili uko nje, mbele ya zoloto, umeunganisha gegedu mbili. Ukijikaza, gegedu hizo husogeleana upande wa mbele, na uzi unanyooshwa, unarefuka na kuwa mwembamba. Nitauita wa kwanza msuli wa ndani na wa pili msuli mnyooshaji. Tofauti kati ya kifua na falseto kwa sehemu kubwa ni suala la nani kati ya hawa wawili anaongoza.

Fikiria pazia zito dirishani. Upepo mkali ukilipiga, pazia zima hutikisika kutoka juu mpaka chini. Upepo ukiwa mwembamba, upindo peke yake ndio unaocheza. Kifua ni pazia zima. Falseto ni upindo.

Sauti ya kifua: kinachopatikana na kinacholipwa

Katika sauti ya kifua msuli wa ndani umejikaza, kwa hiyo nyuzi ni fupi, nene na legevu kwa juu. Zinapokutana hukutana kwa kina chote, zikianzia chini kwenda juu, na katika kila mzunguko hubaki zimefungana kwa muda mrefu, mara nyingi karibu nusu ya mzunguko au zaidi. Hewa hukatwa ghafla. Kukatwa huko kwa ghafla ndiko kunakozaa mitetemo mingi ya ziada juu ya nota kuu, na hiyo ndiyo inayoipa sauti unene, makali na uwezo wa kusikika mbali bila maiki. Maneno nayo hutoka wazi, maana hapa ndipo tunapozungumzia kila siku.

Malipo yake huja nota zikipanda. Msuli mnyooshaji unataka kuurefusha uzi, msuli wa ndani bado unauvuta uwe mfupi, na mwimbaji huongeza hewa ili kuwashinda wote wawili. Sauti inakuwa kubwa zaidi na zaidi, shingo inakaza, kidevu kinainuka. Juu ya mpaka ule nilioutaja mwanzoni, kinachosikika kwa wengi ni kelele yenye nota ndani yake. Wapo wanaoweza kukibeba kifua juu sana kwa ustadi, na mitindo mingine ya uimbaji inakidai. Lakini hufanya hivyo kwa kuupunguza msuli wa ndani hatua kwa hatua kadiri wanavyopanda. Asiyejua kuupunguza analipa kwa koo.

Falseto: nyuzi ndefu, mlango usiofungwa sawasawa

Sasa msuli wa ndani unalegea. Mnyooshaji unabaki na kazi karibu peke yake: uzi unavutwa mpaka ukawa mrefu na mwembamba, na mkazo unabebwa na ile kano. Kiini kinatulia. Kinachotetemeka ni ukingo, lile ganda la juu. Kingo hizi mara nyingi hazikutani kabisa. Hubaki upenyo mwembamba, na zikikutana hugusana kwa muda mfupi tu.

Matokeo yake yote yanatokana na upenyo huo. Kwa kuwa hewa haikatwi ghafla, mawimbi ya sauti ni laini, nota kuu ina nguvu na mitetemo ya ziada ni michache. Ndiyo maana falseto husikika safi, tamu na tupu kidogo. Kwa kuwa hewa inavuja, pumzi huisha upesi, na kishazi ulichokuwa ukikiimba kwa pumzi moja sasa kinadai mbili. Na kwa kuwa hakuna unene wa kushindana na mgandamizo mkubwa wa hewa, nafasi kati ya kuimba kwa sauti ndogo na kuimba kwa nguvu ni finyu. Ukiisukuma falseto ya namna hii ili iwe kubwa, unaongeza mvumo wa hewa kuliko sauti.

Kuna dhana kwamba falseto hutolewa na ile mikunjo mingine miwili iliyo juu kidogo ya nyuzi za sauti. Si kweli. Mikunjo hiyo huhusika zaidi na kuilinda njia ya hewa, na ikijiingiza katika uimbaji mara nyingi huleta mkwaruzo. Falseto ni kazi ya nyuzi zilezile unazosemea.

Mruko wenyewe, ule mshtuko sauti inapotoka kifuani kuingia falseto, unaonekana hata kwenye vyombo. Kuna kifaa kinachowekwa shingoni na kupitisha umeme hafifu kabisa ili kupima nyuzi zinagusana kwa kiasi gani. Mwimbaji akiruka, mguso hupungua papo hapo. Na kuna jambo moja linalowasaidia sana wanaojifunza: mruko wa kupanda na mruko wa kushuka havitokei kwenye nota ileile. Ukipanda, sauti hung'ang'ania kifua mpaka juu. Ukishuka, falseto nayo hung'ang'ania mpaka chini kuliko ulivyotegemea. Katikati kuna eneo la nota kadhaa unazoweza kuziimba kwa namna zote mbili, na humo ndimo uchaguzi unamokuwa wako kweli.

Sauti ya kichwa: jirani au ndugu?

Hapa wataalamu na walimu hawasemi lugha moja. Maabarani, watafiti huzitaja njia za nyuzi kutetemeka kwa namba. Sifuri ni ule mkwaruzo wa chini kabisa wa mtu aliyeamka sasa hivi, moja ni kifua, mbili ni falseto, tatu ni zile nota kali za juu mno zinazofanana na mluzi. Sauti ya kichwa haina namba yake. Inaingizwa humohumo kwenye namba mbili. Nyuzi ni ndefu na nyembamba kama za falseto. Hata ile inayoitwa sauti mchanganyiko, inayosemwa kuwa katikati ya kifua na kichwa na ambayo walimu wengi huiuza kama siri kubwa, ilipochunguzwa na watafiti wa Ufaransa kwenye kazi iliyotoka mwaka 2004 ilionekana haina utaratibu wake wa pekee. Mwimbaji huwa yuko kwenye moja au kwenye mbili, kisha anabadilisha umbo la koo na mdomo ili upande mmoja ufanane na mwingine.

Nawaamini watafiti, lakini nikiwa nachagua sauti ya kuimbia bado nazitenganisha falseto na sauti ya kichwa. Sababu ni ule upenyo. Katika sauti ya kichwa, vigegedu viwili vya nyuma vinavyofungua na kufunga nyuzi huzileta kingo karibu zaidi, na msuli wa ndani unabaki na uhai kidogo. Nyuzi zinagusana vizuri zaidi, hewa haipotei, na sauti inapata mng'ao. Unaweza kuikuza na kuipunguza. Ni mpangilio uleule wenye mlango uliofungwa vizuri, na kwa msikilizaji tofauti yake ni kubwa.

Wanawake wana utaratibu huuhuu wa pili. Sehemu kubwa ya uimbaji wa soprano wa kitaalamu hufanyika humo, ila kwa kuwa tofauti ya rangi kati ya kifua chao na kichwa chao si kali kama ya wanaume, na kwa kuwa huzoezwa mapema, hakuna anayeiita falseto. Mwanamke mwenye sauti ya juu inayovuja hewa ana tatizo lilelile la upenyo, na dawa yake ni ileile.

Ukitaka kujua uko wapi

Usitegemee hisia ya kifua kutetemeka au kichwa kuvuma, hisia hudanganya. Fanya jaribio la kukuza. Chagua nota iliyo kwenye eneo lile la katikati, ianze kwa sauti ndogo kabisa, kisha ikuze taratibu bila kubadilisha irabu. Ikikua na ghafla ikapasuka na kuwa nzito, ulikuwa kwenye utaratibu wa pili na umerukia wa kwanza. Ikikua kidogo kisha ikagoma, huku hewa ikisikika, hiyo ni falseto yenye upenyo. Ikikua vizuri na kurudi ndogo bila kukatika, umeifikia sauti ya kichwa, au umekipunguza kifua kwa ustadi, na kwa kazi nyingi yote mawili yanafaa.

Basi uchague ipi?

Swali la kwanza la kujiuliza ni kama una maiki. Maiki ilibadilisha kila kitu kwa falseto. Kisichosikika kwenye safu ya tatu ya ukumbi kinaweza kuujaza uwanja mzima kikipitia kipaza sauti, na ule mvumo wa hewa ambao ni hasara ukumbini unageuka kuwa ukaribu, kana kwamba mtu anakuimbia sikioni. Barry Gibb wa Bee Gees alipoigeukia falseto mwaka 1975, ikawa ndiyo alama ya kundi zima. Ukirekodi studio au ukiimba jukwaani na vyombo vilivyopangwa vizuri, falseto nyepesi ni chaguo halali kabisa, na ukiikaza ili ionekane na nguvu unaipotezea uzuri wake.

Bila maiki, mizani inahamia upande wa kichwa. Kwenye kwaya mambo hutegemea mstari unaouimba. Teno akipewa nota moja ya juu inayopita kwa utulivu ndani ya mlingano wa sauti za kwaya, falseto laini itayeyuka humo na kumpumzisha. Lakini teno wakipewa wimbo mkuu huko juu na wote wakaingia falseto yenye pumzi, mstari unatoweka chini ya alto. Hapo nahitaji sauti ya kichwa, au nashusha ufunguo, yaani wimbo mzima uimbwe chini zaidi. Walimu wa kwaya wanauogopa mno uamuzi huo wa kushusha ufunguo, na mara nyingi ndio ulio bora.

Urefu wa vishazi nao una kauli. Falseto inavuja; wimbo wenye mistari mirefu isiyo na mahali pa kupumua utakuaibisha. Kadhalika wimbo wa maneno mengi ya haraka: kingo nyembamba zinazogusana kidogo hazizipi irabu rangi ya kutosha, na maneno hufifia. Kwa mistari ya namna hiyo baki na kifua kilichopunguzwa, hata kama ni juu kidogo ya unavyopenda.

Halafu kuna nyimbo ambazo mruko wenyewe ndio uzuri. Waimbaji wa milima ya Alps wamejenga mtindo mzima juu ya kurukaruka kati ya kifua na falseto kwa kasi, bila kuficha mshono hata kidogo. Solomon Linda wa Afrika Kusini, katika rekodi yake maarufu ya mwaka 1939, "Mbube", alipanda juu ya besi za wenzake kwa sauti ambayo kifua hakingeweza kuitoa. Ukiwa na wimbo wa aina hii usiulainishe mruko. Uache usikike.

Na asije mtu akakwambia falseto haiwezi kukua. Mwingereza Alfred Deller, aliyezaliwa mwaka 1912, aliimba sehemu za juu za muziki wa zamani kwa falseto iliyozoezwa, akairudishia heshima jukwaani katikati ya karne ya 20. Leo wapo waimbaji wa kiume wa aina yake, akiwamo Mfaransa Philippe Jaroussky, wanaosikika kwenye kumbi kubwa bila maiki. Walichofanya ni kuupunguza ule upenyo, mwaka hadi mwaka, mpaka falseto ikawa na mwili.

Koo linasemaje

Kati ya njia tatu, inayochosha zaidi ni kifua kilichosukumwa kupita mpaka. Nyuzi nene zikigongana kwa nguvu maelfu ya mara ndani ya wimbo mmoja, huvimba, na mazoea hayo yakiendelea yanaweza kuziotesha vinundu. Falseto yenyewe haina madhara. Ukiiimba muda mrefu ikiwa inavuja, utahisi ukavu na uchovu wa pumzi, basi kunywa maji na upumzike.

Falseto ndogo ina faida moja ambayo ningependa kila mwimbaji aijue: ni kipimo cha afya ya nyuzi. Zikivimba hata kidogo, kingo zake hazitetemeki tena kwa wepesi, na nota za juu zinazoimbwa kwa sauti ya chini sana ndizo za kwanza kupotea, hata kabla sauti ya kuzungumza haijabadilika. Imba kipande kifupi cha wimbo unaoujua, juu na kwa sauti ndogo kabisa, kila siku. Siku nota zile zikichelewa kuanza au zikikatikakatika, punguza kazi. Sauti ikiwa imekauka kwa zaidi ya wiki mbili au tatu, mwone daktari wa masikio, pua na koo aziangalie nyuzi zenyewe. Manuel García, mwalimu wa uimbaji, aliziangalia za kwake mwaka 1854 kwa vioo viwili na mwanga wa jua. Daktari wa leo ana kamera na taa inayowakawaka kwa mpigo, nyuzi zikaonekana kama zinasogea polepole.

Kutoka falseto kwenda kichwa

Ukishaamua kwamba unahitaji sauti ya kichwa na ulicho nacho ni falseto inayovuja, anzia juu ushuke. Anza na ng' ya ng'ombe, mdomo wazi, kwenye nota nyepesi ya juu, kisha telemka taratibu. Sauti hiyo hairuhusu hewa nyingi kupotea, kwa hiyo kingo hujifunza kukutana bila wewe kukaza kitu. Ikitulia, fungua kwenye irabu ya u, baadaye o, na mwisho a, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote maana huiita sauti irudi kifuani. Kutetemesha midomo na kuimba kupitia mrija mwembamba pia husaidia: hewa inayozuiliwa mbele husukuma kurudi nyuma kidogo, na nyuzi hutetemeka bila kugongana kwa nguvu. Fanya kwa dakika chache, mara nyingi, na usitafute ukubwa wa sauti. Ukisikia shingo inakaza, umeanza kukitafuta kifua. Rudi kwenye ng'.

Kwa wavulana wanaobalehe shauri langu ni tofauti. Nyuzi zao zinarefuka na kunenepa ndani ya miezi, na misuli bado haijajua kuendesha chombo kipya, ndiyo maana sauti huruka falseto hata katika mazungumzo. Wasilazimishwe kuishika soprano ya utotoni kwa falseto, wala wasisukumwe kuwa besi kabla ya wakati. Wape nota tano au sita zilizo starehe kwao, uwaongezee kadiri sauti inavyotua. Na kijana ambaye ameshakuwa mtu mzima kimwili lakini bado anazungumza kwa falseto siku zote, mpeleke kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Mara nyingi nyuzi zake ni nzima, na kwa mazoezi ya muda mfupi sauti ya chini hupatikana.